Pamba ya Masikio ya Mama Jerotich

Mercy na wenzako wote wa karakana, mmenisumbua tangu siku ile mliponikatia keki. "Mama Brian, andika. Andika vile kazi ilikuwa." Haya basi, naandika, lakini msitarajie maneno matamu ya kuagana. Nimestaafu nikiwa na hasira na sioni haya kuisema. Mishahara sitaitaja, maana haikuwa kitu cha kutaja. Vyeo walipewa watu wengine. Nitawaeleza juu ya kile kiwanda cha nguo ambacho nyinyi mnakijua kama gofu la popo, mahali pa kwenda kupiga picha Jumapili, na juu ya mwanamke mmoja aliyeitwa mwizi pale getini.

Nilikuja Eldoret kutoka upande wa Bungoma nikiwa msichana, jina langu Rodah tu, Brian hata hajawazwa. Siku ya kwanza kazini supavaiza alitufungulia mlango wa ukumbi wa kufumia, na mimi nikarudi nyuma nikidhani kuna kitu kimelipuka. Kumbe ndivyo mashine zilivyolia kila siku, ukumbi mzima, safu kwa safu, zinapiga nyuzi mpaka sakafu inatetemeka hadi kwenye meno. Niliziba masikio kwa viganja. Supavaiza akacheka, akanisukuma kwa mwanamke mmoja mrefu aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani, akaenda zake. Huyo ndiye alikuwa Mama Jerotich, na ndiye alinifunza kazi yote ninayoijua.

Alishika mikono yangu akaishusha polepole. Akanielekeza nitazame mdomo wake. Mle ndani hakuna aliyepiga kelele kuita mwenzake, ungepasuka koo bure. Tuliongea kwa midomo na mikono. Vidole viwili ukivipitisha kama makasi, uzi umekatika. Ngumi kifuani, supavaiza anakuja, jifanye uko bize. Na kiganja kikipitishwa taratibu juu ya mkono kuanzia kiwikoni hadi vidoleni, hiyo ilikuwa alama nzuri kuliko zote: kitambaa ni safi, hakina kasoro hata moja. Mkaguzi wa nguo akimaliza kupitia kazi yako na kuridhika, Mama Jerotich angekutumia alama hiyo kutoka upande wa pili wa ukumbi, na ungefanya kazi siku nzima ukitabasamu peke yako. Wanawake wa mle tulisengenya hivyo, tulichekana hivyo, na hata harusi tulipangia humo humo katikati ya kelele. Wanaume wa ofisini wakipita hawakuelewa chochote, na hiyo ilikuwa raha yetu nyingine.

Kazi yenyewe, kwa nyinyi mnaofuma sweta leo, haina tofauti kubwa. Uzi ukikatika, zima mashine kwanza ndipo uingize kidole. Nawaambia tena: kwanza zima. Niliwaona waliojifanya wepesi, na leo wanashika kikombe kwa taabu. Baada ya kuzima unatafuta ncha, unaivuta katika tundu lake kwa ndoano ndogo, unafunga fundo dogo lisiloonekana, unawasha. Ndoano za kiwanda zilikuwa chache na butu, kwa hiyo kila mfumaji aliyejiheshimu alikuwa na yake. Ya Mama Jerotich alitengenezewa na marehemu mumewe kutoka kwa spoki ya baiskeli, imenolewa ncha ikapindwa, mpini wake wa mti umezungushiwa uzi mwekundu. Aliiweka kwenye ufa wa ukuta nyuma ya mashine yake, karibu na nguzo ya dirishani. Hakuna mtu aliyeigusa. Angekukata na macho.

Sasa sikilizeni sehemu ya masikio. Sisi tulikuwa ndani ya kiwanda cha pamba. Pamba iliingia kwa lori. Pamba ilielea hewani, ikatuingia puani, ikalala juu ya nywele zetu, na chini ya mashine ilifagiwa kila shifti ikatupwa pamoja na takataka. Lakini pamba ya kuziba masikio ya mfanyakazi? Hakuna. Tuliomba vizibo vya masikio tangu sijaingia mimi, na jibu lilikuwa lile lile kila mara: "Ziko njiani." Hizo njia zilikuwa zinazungukia wapi mimi mpaka leo sijui. Kwa hiyo Mama Jerotich alinifunza kuokota vumbi la pamba chini ya mashine, kulipuliza, kulibiringisha na kujiziba. Ukimaliza shifti unatoa unatupa. Ilisaidia kidogo. Kidogo tu, maana yeye aliyefika kabla yangu tayari alikuwa anasoma midomo hata sokoni, hata nyumbani kwake, na watoto wake walishazoea kumgusa bega kabla ya kuongea.

Halafu akaja meneja mpya. Wa kwanza alikuwa mvivu, na mvivu si mtu mbaya sana. Huyu mpya alikuwa na bidii. Alisema kiwanda kinapata hasara kwa sababu wafanyakazi wanaiba, basi getini tukaanza kusachiwa kila tukitoka. Wanawake chumba kile, wanaume kile. Vua viatu, fungua mkoba, fungua kitambaa cha kichwa. Uzi, kitambaa, pamba, chochote chenye kutoka na wewe ni wizi. Tulijipanga pale tumechoka, miguu imevimba, tukikaguliwa hadi kwenye kisigino.

Jioni moja Mama Jerotich alisahau kutoa pamba masikioni. Ni hivyo tu, alisahau. Alikuwa amefanya shifti mbili mfululizo kwa sababu mwenzake alikuwa amejifungua. Askari mwanamke alipomfungua kitambaa akaiona, akamwita meneja. Ningekuwa mtu wa kuota ndoto mbaya, ningeota hiyo. Meneja alikuja na tai yake, akachomoa pamba sikioni mwa mama mtu mzima kwa vidole viwili, akaiinua juu tuione sisi sote tuliokuwa kwenye foleni. Pamba chafu, nyeusi kwa jasho, saizi ya punje ya hindi. Akasema neno. Mama Jerotich hakulisikia, alilisoma mdomoni kwake. "Mwizi."

Nilipiga kelele. Wengi tulipiga kelele. Kesho yake ukumbi mzima ulizima mashine, kukawa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia mle, na supavaiza akatuambia nje ya geti kuna wasichana wengi wanaotafuta kazi. Mimi nikasimamishwa kwa muda, kwa kumwambia meneja aende akafume yeye. Lakini Mama Jerotich, aliyefukuzwa jioni ile ile, hakurudishwa. Alipoomba aingie tu achukue ndoano yake, aliambiwa mle ndani hakuna kitu chake. Hebu fikirieni. Ameacha masikio yake yote mawili mle, halafu anaambiwa hakuna kitu chake!

Na jina likamfuata. Kule kwao Kiplombe yeye ndiye alikuwa akipitisha kikapu cha sadaka kanisani. Jumapili iliyofuata kikapu kilipewa mtu mwingine, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Hakuuliza. Alikaa benchi ya nyuma tangu hapo, miaka yote hiyo, na watu wakasema, "Si unamwona, anaona haya." Haya ya nini? Woi!

Baadaye kiwanda kikafungwa. Wakubwa walisema ni mitumba, ni bei ya stima, ni hili na lile, mimi sina elimu ya kubishana nao. Ninachojua ni nilichoona kwa macho yangu. Niliona malori yakitoka kwenye geti lile lile, mashine zetu zimefunikwa turubai. Baadaye mota za umeme. Baadaye nyaya, madirisha, mabati ya paa. Mwishowe wakang'oa hata vifuniko vya chuma vya yale mashimo ya kutilia nguo rangi, vikaenda skrapu. Geti lilikuwa wazi pande zote mbili. Hakuna dereva aliyevuliwa kiatu. Hakuna bwana mkubwa aliyechungulia ndani ya sikio la mtu. Kiwanda kizima kilibebwa mchana kweupe, na mwizi pekee aliyewahi kushikwa pale ni mfumaji aliyesahau pamba.

Mimi nilipata kazi kwa Mama Halima, ambaye nyinyi mnamjua vizuri. Wakati huo alikuwa na duka la vitambaa tu, wazazi wake walikuwa wametoka Wajir na biashara ya nguo, na ndio kwanza alikuwa ananunua mashine za kufuma sweta za shule. Siku ya kwanza, kabla hajanionyesha hata choo kiko wapi, alinipa vizibo viwili vya masikio vya plastiki. "Hizi ni zako. Usipoteze, sitanunua zingine kesho." Mashine zake hazikuwa na hata nusu ya kelele ya zile zetu. Nikaanza kulia. Mama Halima akashtuka sana. "Kwani nimekukosea nini?" Sasa mnajua kwa nini niliwafokea kila nilipowakuta bila vizibo, eti mnasikiliza muziki. Mtasikiliza muziki mkizeeka kama bado mna masikio.

Haya, nilipostaafu, safari yangu ya kwanza ilikuwa Kiplombe. Nilimpelekea Mama Jerotich sweta ya mwisho niliyofuma. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, na hasikii kitu kabisa, hata radi. Lakini mikono! Alianza kuniongelesha kwa mikono kabla sijakaa. Aliniuliza kama ni kweli kuta zitabomolewa na shamba la kiwanda kukatwa ploti. Nikamwambia ndivyo tunavyosikia. Akatazama nje kwenye mahindi. Kisha akaonyesha kidole kilichopindwa, na akasema kwa mdomo: "Ndoano yangu iko ukutani. Wakibomoa itaenda." Hakuwahi kuniomba kitu maisha yake yote.

Basi ndio maana, Mercy, nilikukuta ukifunga karakana siku ile nikakwambia twende. Wewe ulidhani tunaenda kupiga picha. Wenzako hawajui tulichokiona, kwa hiyo niwasimulie.

Getini tulimkuta Kibet, mlinzi aliyeajiriwa na mtu wa skrapu, mwanaume mkubwa mpole kutoka Kapseret ambaye muda wote alikuwa kwenye simu akiuliza kama ng'ombe wake amekamuliwa. "Mama, huko hakuna kitu, ni popo tu," akatuambia, na akatufungulia. Ndani nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Upande wa rangi yale mashimo yako wazi, maji meusi yamejaa hadi juu, na mtu asiyejua angekanyaga akidhani ni kivuli. Nilimshika Mercy mkono kama mtoto. Watu wanaleta watoto wao pale kupiga picha! Na aliyeuza vifuniko anakula chakula chake mahali akiwa na amani.

Ukumbi wa kufumia hauna paa. Mashine hazipo, zimebaki tu nati zilizokatwa sakafuni kuonyesha kila moja iliposimama. Nilianza kutembea kuelekea dirishani, na Mercy nyuma yangu akauliza, "Mama Brian, mbona unatembea upande upande?" Nikajitazama. Kumbe nilikuwa napita katikati ya mashine, bega mbele, tumbo ndani, kama tulivyopita zamani ili nguo isinaswe. Mashine hazipo na mimi bado nazipisha. Nilisimama hapo nikalia kwa hasira, sikulia kwa huzuni, nataka muelewe tofauti. Tuliwapa mwili mzima, hata wakatufundisha kutembea, halafu wakatusachi.

Nguzo ilikuwepo. Ufa ulikuwepo, umejaa vumbi na tando za buibui. Niliingiza kidole, nikagusa kitu baridi, nikakivuta polepole jinsi unavyovuta uzi. Ndoano. Imeota kutu, uzi mwekundu umekuwa rangi ya chai, lakini ncha bado imepinda vilevile. Mercy alipiga kelele kwa furaha na popo wote wakaruka.

Tulipotoka, Kibet alitusimamisha. "Pole, Mama. Ni lazima niangalie mikoba. Tajiri amesema hakuna kitu kinatoka hapa, hata msumari." Hata msumari! Nilihisi damu ikipanda. Lakini nilikuwa nimejipanga. Ndoano ilikuwa ndani ya kitambaa changu cha kichwa, kwenye fundo la nyuma. Kibet alifungua mkoba wangu, akafungua wa Mercy, akatuaga vizuri. Njia nzima nilicheka. Nilijiona mjanja kuliko kiwanda kizima, mabosi wake wa zamani na wa sasa wote pamoja.

Kesho yake nilienda Kiplombe peke yangu, nikamwekea Mama Jerotich ndoano mezani mbele yake. Hakuigusa. Aliitazama tu, uso umelegea, nikadhani atalia. Kisha akanitazama mimi na kuuliza kwa mdomo: "Ulisachiwa?" Nikamwonyesha kwa furaha vile nilivyoificha, nikafungua kitambaa na kukifunga tena. Nilingoja acheke.

Alisukuma ndoano kwa ncha ya fimbo mpaka ikafika upande wangu.

"Irudishe," akasema. Alitumia sauti, naye huwa hatumii sauti. "Umeitoa kama mwizi. Sasa walichosema ni kweli."

"Mama, lakini ni yako! Mzee wako ndiye alitengeneza!"

Hakuwa ananisikia na hakuwa anatazama mdomo wangu. Alikuwa ameinama anatafuta viatu vyake.

Tulienda siku hiyo hiyo, boda mbili, yeye ameshika fimbo na mimi nimeshika ndoano. Nilimweleza Kibet kila kitu pale getini, pamba, meneja, ndoano, kitambaa changu. Masikini yule mwanaume, aliona haya kuliko mimi. "Si ungeniambia tu, Mama Brian? Kawaya kama haka? Bebeni, muende nayo nyumbani." Nikageuka kumfasiria Mama Jerotich, lakini yeye alishaingia.

Alitembea hadi ukumbini bila kuonyeshwa njia. Pale kwenye nati za sakafu na yeye alitoa bega mbele, akapita upande upande. Alipofika kwenye nguzo alininyooshea kiganja. Nikampa ndoano. Akairudisha ndani ya ufa wake. Akasimama mbele yake kidogo, mikono chini, mahali ambapo mashine yake ilikuwa. Kisha akaichukua mwenyewe, akaishika juu, mbali na mwili wake, ionekane, na akaanza kurudi getini kwa njia ya wafanyakazi ile iliyofunikwa na nyasi.

Kibet alikuwa amefungua geti lote wazi kwa heshima. "Pita tu, Mama. Pita."

Mama Jerotich hakupita. Alisimama pale pale tulipokuwa tukipanga foleni. Akavua kiatu kimoja, akavua kingine. Akafungua mkoba wake mdogo, akaugeuza ndani nje, ikatoka Biblia na peremende. Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa, nywele nyeupe zote nje mbele ya mwanaume mgeni, akageuza sikio moja kuelekea kwa Kibet na kungoja.

"Anataka nini?" Kibet akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Anataka umsachi."

"Aki, Mama Brian, mimi siwezi."

"Utaweza," nikamwambia. "Angalia kwenye masikio. Angalia vizuri."

Kibet aliwasha tochi ya simu yake. Akainama, akachungulia sikio la kulia kwa makini. Mama Jerotich akageuka. Akachungulia la kushoto.

"Hakuna kitu," akasema. "Mwambie hakuna kitu kabisa."

Nilisimama mbele yake ili anione. Nikapitisha kiganja juu ya mkono wangu, taratibu, kuanzia kiwikoni hadi vidoleni.

Alitazama mkono wangu mpaka ukafika mwisho. Kisha akafunga kitambaa chake, akavaa viatu vyake bila haraka, akatoka nje ya geti na ndoano mkononi. Barabarani kulikuwa na vijana wa boda wengi na akina mama wanaouza nyanya. Akawageukia wote, akasema kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe:

"Nimesachiwa! Sina kitu chao!"